Sileji: Namna Bakteria Wanavyohifadhi Malisho ya Kiangazi

Maneno ya mazungumzo ya Bwana Shamba, yaliyotayarishwa kwa wakulima wenye ng'ombe wa maziwa katika Nyanda za Juu Kusini. Yaweza kusomwa mkutanoni, au na mkulima mwenyewe nyumbani kwake.

Ndugu mkulima,

Mwezi wa Machi, ukisimama katika shamba lako la Njombe, Mufindi au Rungwe, unaona majani mengi kuliko midomo ya kuyala. Mabingobingo yamekupita kimo, na kando ya mfereji majani huota hata usipoyataka. Mwezi wa Mei mvua hupungua. Ifikapo Septemba, ng'ombe yule yule hutafuna mabua makavu, na mama wa nyumbani hutembea mwendo mrefu akarudi na mzigo usiotosha hata mlo mmoja. Maziwa hupungua, ndama hukonda, na fedha ya maziwa iliyokuwa ya sare za shule na sabuni haionekani mpaka mvua zirudi.

Basi shida yetu si kwamba nchi haina majani. Shida ni kwamba majani huja yote kwa wakati mmoja. Kazi ya mfugaji ni kuyachukua majani ya Machi na Aprili na kuyafikisha Septemba na Oktoba bila kuoza.

Njia za kufanya hivyo ni mbili. Ya kwanza ni kuyakausha juani yawe hei. Lakini kukausha kunataka jua la siku kadhaa mfululizo, nasi wakati majani yetu yakiwa bora bado tuna mvua na ukungu wa asubuhi. Njia ya pili ni kuyavundika mabichi mahali pasipo hewa. Malisho yaliyovundikwa hivyo huitwa sileji.

Wako wakulima waliojaribu sileji wakapata malisho mazuri. Wako wengine waliofukua shimo wakakuta uozo mweusi unaonuka, wakautupa jalalani, na mahindi ya shamba zima yakapotea. Watu hao husema sileji ni bahati. Sivyo. Sileji hutengenezwa na viumbe hai, nao wana desturi zao za kula na kuishi ambazo hazibadiliki. Ukizijua desturi hizo, utajua sababu ya kila kazi unayoambiwa uifanye, na hutaruka hata moja.

VIUMBE UNAOWAJUA TANGU UTOTO

Viumbe hao ni bakteria wa asidi laktiki. Ni wadogo sana, hawaonekani kwa macho matupu. Lakini kazi yao umeinywa tangu ulipokuwa mtoto. Ndio wanaogandisha maziwa katika kibuyu, na ndio wanaoifanya togwa iwe chachu.

Fikiri juu ya togwa. Mama hupika uji wa mahindi, huuacha upoe, kisha hutia unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Kesho yake huwa mchachu. Kimetokea nini? Wanga wa mahindi si chakula cha bakteria hawa. Wengi wao hawawezi kuuvunja. Kimea ndicho kinachouvunja wanga kuwa sukari, na ndiyo sababu uji ulilainika ukawa mtamu. Sukari ilipopatikana, bakteria waliila na kuigeuza asidi. Uchachu unaouonja ulimini ndio asidi laktiki yenyewe. Tena umeona kwamba togwa iliyochacha vizuri haiharibiki upesi kama uji mtamu, kwa kuwa uchachu huwazuia viumbe waozeshao.

Likumbuke jambo hili la kimea, kwa maana tutalirudia tutakaposema juu ya mabingobingo.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1780, Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliipata asidi hiyo katika maziwa yaliyochacha. Mwaka 1857, Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1877, mkulima mmoja Mfaransa, Auguste Goffart, alitoa kitabu juu ya kuvundika mahindi mabichi kwa chakula cha ng'ombe. Na mwaka 1945, Artturi Virtanen wa Finland alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, hasa kwa njia yake ya kuhifadhi malisho kwa kuyatia asidi tangu mwanzo. Angalia vema: mtu alipewa heshima kubwa kuliko zote katika elimu ya kemia kwa sababu ya chakula cha ng'ombe wa kiangazi.

BAKTERIA HULAJE SUKARI?

Mimea, watu, ng'ombe na bakteria wote huvunja sukari ili wapate nguvu. Katika kuivunja, hutokea mzigo wa haidrojeni. Mzigo huu hubebwa na wachukuzi maalumu ndani ya chembe ya kiumbe. Wachukuzi hao ni wachache. Asiyetua mzigo wake hawezi kurudi kuchukua mwingine, na wote wakisimama na mizigo kichwani, kazi ya kuvunja sukari husimama pia.

Sisi tunaopumua huitua mizigo hiyo juu ya oksijeni ya hewa. Haidrojeni na oksijeni zikikutana huwa maji, na sukari yote huishia kuwa maji na hewa ya kaboni, pamoja na joto jingi. Bakteria wa laktiki hawapumui hivyo. Wao huivunja sukari vipande viwili, kisha huitua mizigo ya haidrojeni juu ya vipande vile vile. Kipande kilichopokea haidrojeni ndicho asidi laktiki. Huitoa nje, na wachukuzi huru hurudi kazini. Kwa hiyo bakteria hawa hawahitaji hewa hata kidogo.

Lakini njia hii ina faida ndogo kwao. Kiumbe apumuaye hupata katika sukari ile ile nguvu kiasi cha mara 15 kuliko wao. Kwa kuwa hupata kidogo katika kila punje ya sukari, hulazimika kuvunja punje nyingi kwa haraka, na ndiyo sababu asidi hutoka kwa wingi katika siku chache. Umaskini wao ndio utajiri wetu.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi ni 7. Kadiri namba inavyoshuka, uchachu huzidi, na kila hatua moja ni mara kumi. Mahindi mabichi yakikatwa huwa karibu na 6. Sileji nzuri ya mahindi hushuka mpaka kati ya 3.8 na 4.2. Hapo viumbe waozeshao hushindwa, kwa sababu asidi hupenya miilini mwao, nao humaliza nguvu zao zote katika kuisukuma nje. Mwishowe hata bakteria wa laktiki wenyewe hupumzika. Shimo lote hutulia, na likikaa limefungwa vema laweza kutunza malisho mwaka mzima au zaidi.

HESABU YA GRAMU 180

Mkulima hupima mavuno yake kwa mizani. Na tuipime sukari vivyo hivyo, tuone kila kiumbe humwachia mkulima nini. Tuchukue gramu 180 za sukari.

Bakteria wa laktiki wa kundi la kwanza hupata gramu 180 za sukari na kutoa gramu 180 za asidi laktiki. Hakuna kilichopotea katika uzito. Asidi hiyo si takataka: ng'ombe akiila, bakteria wa tumbo lake kubwa huigeuza kuwa chakula.

Bakteria wa laktiki wa kundi la pili wana njia nyingine. Katika gramu zile zile 180 hutoa gramu 90 za asidi laktiki, gramu 46 za kileo, na gramu 44 za hewa ya kaboni inayopotea. Wengine hutoa asidi ya siki mahali pa kileo. Hawa hawahifadhi kama wenzao, lakini siki yao ina faida wakati wa kufungua shimo, kama nitakavyosema.

Majani yenyewe, yakiwa bado na hewa, huendelea kupumua baada ya kukatwa. Gramu 180 zote huwa maji, hewa na joto. Mkulima haachiwi cho chote.

Klostridia ndio wabaya kuliko wote. Ni bakteria wakaao katika udongo na samadi, nao pia hawataka hewa. Hawa huishambulia hata asidi laktiki iliyokwisha tengenezwa. Katika gramu 180 za asidi hiyo, hutoa gramu 88 za asidi butiriki, ile inukayo kama siagi iliyooza. Zinazobaki, zaidi ya nusu, huondoka kama hewa. Uchachu hupungua, protini huvunjwa ikawa amonia, na ng'ombe hukataa kula.

Basi yote tutakayofanya shambani yana shabaha moja: kumpa bakteria wa laktiki sukari na mahali pasipo hewa, upesi, kabla ya hao wengine kuila sukari hiyo.

ZAO GANI LIVUNDIKWE?

Mahindi hushinda mazao yote. Yana sukari ya kutosha katika bua, na hayapingi uchachu. Wanga wa punje hauliwi na bakteria. Hukaa salama ukimngojea ng'ombe. Lakini nakuomba ufikiri kwanza. Mahindi ya sileji hukatwa kabla ya kukomaa, na shamba lililokatwa halitakupa ugali. Usikate mahindi ya chakula cha watoto ili kumlisha ng'ombe. Panda sehemu yake mbali, nawe uipange tangu Novemba, si Aprili. Ili kujua utapata nini, kata mahindi yaliyo katika meta 10 za mraba, uyapime, kisha zidisha mara 100. Hiyo ni karibu na mavuno ya robo eka.

Mabingobingo hutoa majani mengi lakini yana sukari kidogo, nayo yakiwa machanga yana maji mengi. Majani ya nchi za joto huweka akiba yake kwa wanga, na umekwisha kuona katika togwa kwamba bakteria hawa hawali wanga. Ndani ya shimo hakuna kimea. Kwa hiyo ni lazima tuwaletee sukari, yaani molasi. Tia kilo 3 za molasi kwa kila kilo 100 za majani. Sababu ya kipimo hiki ni hii: karibu nusu ya molasi ni sukari. Kilo 3 zina kilo moja na nusu ya sukari, na kwa hesabu yetu ya gramu 180 zaweza kutoa karibu kilo moja na nusu ya asidi. Majani yale ya kilo 100, maji yakiondolewa, yana kitu kikavu cha kilo 20 hadi 25. Sileji nzuri hutaka kilo 4 hadi 7 za asidi laktiki kwa kila kilo 100 za kitu kikavu. Ukipiga hesabu utaona kwamba kipimo kinatosha. Mwenye kutia kikombe kimoja kwa shimo zima amewapaka bakteria utamu mdomoni, hakuwalisha.

Lusina, desmodi na mikunde mingine ina protini nyingi, ambayo huvuta uchachu na kuupunguza nguvu. Usiivundike peke yake. Changanya kidogo na mahindi, au uwape ng'ombe ikiwa mibichi au mikavu.

WAKATI WA KUKATA

Maji ni jambo kubwa. Malisho yenye maji mengi mno hupunguza nguvu ya asidi na kuwafurahisha klostridia. Malisho makavu mno hayashindiliki, na hewa hubaki ndani. Tunataka katika kila kilo 100 kitu kikavu kiwe kilo 30 hadi 35.

Kwa mahindi, menya hindi ubonyeze punje kwa ukucha. Ikitoka maziwa matupu, ngoja. Punje ikiwa kama unga uliokandwa, nusu imegumu na nusu bado laini, huo ndio wakati. Kwetu huku juu kwenye baridi, mara nyingi huwa mwisho wa Aprili au mwezi wa Mei, kwa kadiri ya mbegu na siku ya kupanda.

Mabingobingo yakate yakifika kimo cha meta moja au kupita kidogo, kisha yaache juani mpaka yanyauke. Yakikatwa asubuhi, yaweza kufaa jioni au kesho yake, kama jua lipo.

Kisha fanya jaribio la mkono. Shika malisho yaliyokatwakatwa, uyafinye kwa nguvu kwa muda wa kuhesabu mpaka 30, halafu ufungue kiganja. Maji yakichuruzika kati ya vidole, bado ni mabichi mno. Donge likifumuka mara moja, yamekauka mno. Donge likifumuka polepole, na kiganja kikawa na unyevu tu, anza kazi.

KUKATA, KUSHINDILIA, KUFUNIKA

Kata vipande vya sentimeta 1 hadi 2 na nusu. Mashine ya kukatia majani hufanya kazi hii upesi. Vikundi vingi hununua moja kwa wanachama wote. Panga pia laweza, ila uwe na mikono mingi. Vipande vifupi vina faida mbili. Hutoa utomvu wenye sukari ambao bakteria huufikia upesi, tena hushindilika vizuri.

Tandaza tabaka la sentimeta 15 hadi 20, nyunyiza molasi iliyochanganywa na maji kidogo kama inahitajiwa, kisha shindilia. Tumia miguu ya watu wengi, au pipa la lita 200 lililojazwa maji likibingirishwa huku na huku. Shindilia zaidi pembeni, kwani hapo ndipo hewa hujificha. Ukikanyaga na mguu ukazama, bado. Usiendelee na tabaka la pili kabla ya la kwanza kuwa gumu.

Kazi yote iishe kwa siku moja, au mbili zikizidi sana. Mwenye kujaza kidogo kidogo kwa wiki nzima huyapa majani nafasi ya kupumua na kuiteketeza sukari. Waite jirani zako siku hiyo, nawe uende kwao siku yao.

Usiruhusu udongo wala samadi kuingia. Nawa miguu na buti kabla ya kukanyaga, na uweke malisho juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Tonge la udongo ni mbegu ya klostridia.

Shimo lichimbwe mahali penye mteremko, pasipotuama maji, mbali na kisima na kijito, kwa maana maji yachuruzikayo kutoka katika sileji huchafua maji na kuua samaki. Zungusha nailoni nzito chini na ubavuni. Juu jaza mpaka kuwe na mgongo kama wa nyumba, funika kwa nailoni, kisha rundika udongo kwa kimo cha sentimeta 50 hadi 60. Chimba mfereji kuzunguka. Shimo likititia na udongo ukapasuka, ziba siku ile ile.

SHIMO AU MFUKO?

Hapa wengi hukosea, nami naomba usome polepole. Ng'ombe mmoja apewe kilo 15 kwa siku, pamoja na malisho mengine, kwa siku 120. Atakula kilo 1,800. Meta moja ya ujazo iliyoshindiliwa vema kwa miguu huwa na kiasi cha kilo 500. Sasa mtu huchimba shimo pana la meta moja na nusu kwa kina cha meta moja. Akitoa kilo 15 kila siku, ukuta wa sileji husogea sentimeta 2 tu. Lakini hewa huingia ndani kupita hapo. Kila siku hulisha majani yaliyokwisha pigwa na hewa kwa siku kadhaa, na kuharibika humtangulia daima.

Ukuta uliofunguliwa yafaa usogee sentimeta 10 kila siku, au karibu na hapo. Kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja au wawili asichimbe shimo. Atumie mifuko ya nailoni nzito ya kilo 50. Mfuko mmoja humlisha ng'ombe mmoja siku tatu, na mingine hubaki imefungwa. Kwa miezi minne mifuko 40 yatosha, pamoja na michache ya akiba. Shindilia kila mfuko kwa mkono na goti, kamua hewa yote, sokota mdomo, funga kwa kamba ya mpira, kisha uingize ndani ya kiroba. Ihifadhi juu ya chaga, kivulini, mbali na panya. Tundu moja la panya latosha kuharibu mfuko mzima.

Mwenye ng'ombe watatu au zaidi achimbe shimo jembamba na refu: upana meta moja, kina meta moja, urefu meta 11 hadi 13. Ng'ombe watatu hula kilo 45 kwa siku, na ukuta utasogea sentimeta 9.

KUFUNGUA NA KULISHA

Ngoja wiki 3 kwa uchache. Mahali pa baridi kama Makete na Njombe ngoja wiki 6, kwa kuwa bakteria hufanya kazi polepole katika baridi.

Siku ya kufungua, tumia macho na pua. Sileji nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea manjano, na harufu ya uchachu mtamu kama togwa au siki. Ikiwa ya kahawia na kunukia kama tumbaku, ilipata joto kwa sababu ya hewa. Ng'ombe ataila, lakini protini yake imeharibika. Ikinuka kama siagi iliyooza na kuteleza mkononi, klostridia walishinda. Ikiwa na ukungu mweupe, wa buluu au mweusi, hewa iliingia.

Hewa ikiisharudi, hamira huamka na kuila asidi laktiki. Uchachu hupungua, sileji hupata joto, kisha ukungu hufuata. Hapo ndipo siki ya bakteria wa kundi la pili husaidia, kwani huizuia hamira. Hata hivyo usiitegemee. Toa kiasi cha siku moja tu, kwa kukata wima kutoka juu hadi chini, na ufunike mara.

Mzoeze ng'ombe kwa muda wa wiki moja, ukiongeza kidogo kidogo. Mpe baada ya kukamua, si kabla, ili maziwa yasishike harufu. Ondoa mabaki katika hori. Na kumbuka kwamba sileji ya mahindi ina nguvu lakini protini ni chache. Ongeza mashudu au majani ya lusina. Wala sileji haigeuzi majani mabaya kuwa mazuri. Ulichoingiza ndicho utakachotoa, kikiwa kimepungua kidogo.

HATARI TATU

Kwanza, usimpe ng'ombe sileji yenye ukungu, hata kama kiangazi ni kikali. Baadhi ya ukungu hutoa sumu, na sumu iitwayo aflatoksini hupita katika maziwa na kuwafikia watoto. Tupa sehemu iliyoharibika pamoja na ile iliyo karibu nayo.

Pili, mzoga wa panya au ndege ndani ya sileji waweza kuleta sumu ya klostridia iitwayo botulini, ambayo huua ng'ombe. Ukiuona mzoga, tupa malisho yaliyouzunguka. Na sileji isiyochacha vema yaweza kuwa na listeria, ambayo huleta ugonjwa wa ubongo na kuharibu mimba.

Tatu, hewa itokayo katika shimo refu wakati wa kuchacha ni nzito, nayo hutuama chini. Mtu akishuka aweza kuzimia na kufa kabla hajaita. Usimwache mtoto acheze karibu, na usishuke katika shimo lenye kina kirefu siku za mwanzo. Mvuke wa rangi ya manjano au kahawia nyekundu ni sumu kali; uukimbie.

MANENO YA MWISHO

Ndugu mkulima, madukani siku hizi huuzwa bakteria wa laktiki waliokaushwa, na huweza kusaidia. Lakini bakteria wa asili wako tayari juu ya kila jani la shamba lako. Hakuna dawa itakayowafaa kama umewaacha na hewa na kuwanyima sukari.

Kama hujawahi kutengeneza sileji, usianze na shamba zima. Anza na mifuko mitano mwaka huu. Andika juu ya kila mmoja tarehe na ulichotia. Fungua wa kwanza mwezi wa Agosti, uunuse, umwonjeshe ng'ombe. Ukifaulu, mwaka ujao ongeza. Usipofaulu, upeleke mfuko huo kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wako jinsi ulivyo, bila kuutupa, kwa maana harufu yake itaonyesha kazi gani ilipungua.

Mambo ya kukumbuka ni haya: kata kwa wakati, kata vipande vifupi, tia sukari panapohitajiwa, shindilia mpaka mguu usizame, funga siku ile ile, na ukifungua ulishe upesi. Mengine waachie bakteria.

Nakutakia kazi njema, na maziwa katika ndoo mwezi wa Septemba.